Ulimwinukia Nani

Niliponea chupuchupu kuachwa kwa sababu ya maji moto. Si maji ya kuchemka. Nasema wale wadudu, chungu wekundu wanaoshona majani ya mikarafuu na mishokishoki wakafanya viota, ambao kila mchumaji wa Pemba anawajua kwa machozi. Vijana wakinisikia husema bibi ameanza. Wao hawakuziona zama za siasa, basi siwalaumu.

Mwaka siutaji, kwa sababu miaka yote ile, tangu uchaguzi wa mwanzo mpaka karibu na uhuru, ilikuwa na sura moja. Mtu alikuwa hajibu salamu mpaka aangalie kwanza nani anayemtolea. Palikuwa na duka la hawa na duka la wale, gari ya hawa na gari ya wale, na niliona kwa macho yangu jeneza likipita mtaani na wanaume wamekaa barazani wanalitazama, hawainuki kulipokea, kwa kuwa maiti alikuwa na kadi ya upande wa pili. Mpaka leo nikikumbuka jeneza lile napandwa na hasira.

Mimi nilikuwa kwetu Mgogoni, na baba yangu alikuwa mtu wa chama kimoja, tena wa kupiga kelele. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, kwao Tibirinzi, na watu wa nyumba yake walikuwa wa chama cha pili. Tulioana kabla mambo hayajachacha, wakati wazee wa pande mbili walikuwa bado wanaazimana ngazi za kuchumia karafuu. Siasa ilipopamba moto nilikuwa nimeshakuwa ndani, mke wa miaka miwili, sina mtoto bado. Na tulikuwa tunazisikia habari: fulani kaambiwa na wenzake wa tawi la chama amrudishe mke kwao, na kamrudisha. Mwenye watoto alifikiriwa mara mbili. Asiye na mtoto alikuwa anafungiwa kifurushi tu, akapandishwa gari ya asubuhi.

Nyumbani tulikuwa watu watatu: mimi, mume wangu, na mavyaa wangu, yaani mama yake mume. Mavyaa alikuwa mjane, mwembamba, mwenye jicho ambalo halikupitwa na kitu. Hakupata kunitukana. Alichokuwa akifanya ni kunisikiliza. Nikizungumza na jirani ukutani, ufagio wake ulikuwa unanyamaza. Nikipata mgeni kutoka kwetu, alikuwa anakumbuka kwamba ana mchele wa kupeta, na ungo wake ulikuwa hauna mahali pengine isipokuwa karibu na mlango wangu. Nami sikuwa malaika. Nilikuwa nikijua anasikiliza, basi mara nyingine nikinong'ona mambo ya bure, bei ya dagaa, ili nimtese.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa mzee mmoja wa Kiarabu, wa ukoo uliokuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na bustani yenye asumini, mawaridi, mkungumanga na mshokishoki mkubwa. Kila mwaka wakati wa kaskazi, joto likishika na karafuu zikishaanikwa, alikuwa akiwaita wapigaji wa mjini kuja kupiga taarabu pale bustanini, kuanzia baada ya alasiri mpaka karibu na maghribi. Hapakuwa na kipaza sauti wala taa. Udi mmoja, fidla mbili, dumbaki na rika, na mwimbaji aliyekuwa seremala mchana, mwenye sauti nyembamba iliyokuwa ikiwatoa wanawake machozi. Wanaume walikuwa wanakaa upande mmoja wa wapigaji, wanawake upande wa pili, na kahawa na halua zikizunguka.

Mwaka huo watu walidhani hataita. Akaita, na akaita pande zote mbili. Mtu wake alipita mlango kwa mlango akisema bwana anasema njooni nyote, hapana siasa, ni muziki tu. Mavyaa alimshukuru, akasubiri aondoke, kisha akatuambia kwamba mtu anayekutangazia kuwa hana siasa ndiye wa kumwangalia zaidi. Mume wangu alicheka. Mimi nilikuwa na wasiwasi namna moja na mavyaa, ila sikutaka tukubaliane.

Nilichelewa kwa kuwa nilikuwa na sufuria jikoni. Nilipofika niliona kwamba watu wamejipanga wenyewe bila ya kuambiwa na mtu. Upande wa wanaume palikuwa na makundi mawili yenye uwazi katikati. Upande wa wanawake vile vile: majamvi mawili, na baina yao kipande cha ardhi tupu kilichotosha watu wanne au watano, ambacho hakuna aliyekitaka. Jamvi la kulia alikuwapo mavyaa na wenzake. Jamvi la kushoto alikuwapo shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa mjini, pamoja na wanawake wa chama cha kwetu. Shangazi akanipungia mkono nikae naye. Mavyaa hakunipungia. Alinitazama tu, nione mwenyewe njia.

Nilisimama pale nimeshika buibui langu, macho yote yananipima. Nikienda kushoto, nimeshajitangaza. Nikienda kulia, shangazi atapeleka habari Mgogoni kabla ya Ijumaa kwamba mtoto wetu ametukana ukoo. Basi nikajifanya natafuta kivuli, nikakaa peke yangu pale katikati, juu ya mkeka mdogo, chini ya mshokishoki. Nilijiona nina akili sana. Sikujiuliza kwa nini pahala pazuri kama pale, penye kivuli, pameachwa tupu.

Hapa lazima niseme jambo la taarabu, kwa wasioijua desturi yetu ya wakati ule. Wimbo ukiimbwa, mwanamke akiinuka katikati ya ubeti, ubeti ule ni wake. Ameuchukua. Anakwenda mpaka mbele, anamtunza mwimbaji kikuba cha asumini au chochote alicho nacho, na yule anayemtazama wakati anainuka ndiye aliyepelekewa maneno. Haitajwi jina, wala hapana haja. Watu wanarudi majumbani wakijua nani kamwambia nini nani. Ndiyo maana mwenye busara alikuwa akienda haja kabla ya wimbo kuanza.

Na siku ile watu hawakuja kusikiliza, walikuja kuchungua. Wimbo wa kwanza ulikuwa na paka ndani yake, na nikaona wanaume watatu wanageuka kuangaliana. Wa pili ulisifu waridi jekundu, na mwanamke mmoja wa jamvi la kulia akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mawaridi meupe nayo yapo. Mwenye bustani alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mpiga udi, anatabasamu kwa kila mtu, na kila aliyepewa tabasamu alilichunguza kama noti iliyokunjwa. Muziki wenyewe ulikuwa mzuri. Nakumbuka fidla ziliposhuka pamoja nilisahau kidogo mahali nilipo. Kisha seremala akaanza wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na ubeti wa tatu ulikuwa huu:

Mti uliokauka, kivuli hauna tena,
Wajua utaanguka, hauishi kujivuna,
Na mche ukiinuka, wauziba kwa hiana.

Maji moto walikuwa wamenipanda zamani, kimya kimya, kama kawaida yao. Hawaumi mpaka wawe wengi. Seremala alipofika kwenye "mche ukiinuka" wakaniuma pamoja, pajani na kiunoni na mahali pengine ambapo sitapataja, nami nikaruka wima.

Sikupiga ukelele, kwa aibu. Nilijipiga paja. Nikajipiga kiuno. Nikazunguka nusu, nikainua mkono mmoja juu nikiutikisa kwa sababu mdudu alikuwa kwapani. Anayetaka kujua inavyoonekana, na ajaribu huku dumbaki inalia. Nilikuwa nacheza. Hakuna aliyeona kitu kingine isipokuwa mwanamke amechukua ubeti, anaucheza, na uso wake umeelekea jamvi la kulia, aliko mama wa mumewe.

Jamvi la kushoto likaripuka vigelegele. Shangazi yangu ndiye aliyeanza. Seremala, alipoona wimbo wake umepata mwenyewe, akaurudia ubeti kutoka mwanzo. Nami sikukaa papo hapo. Nilikwenda mbele, nikalichomoa ua la asumini nywelani, nikaliweka kwenye sahani ya tunzo iliyokuwa mbele yake, kisha nikarudi. Mavyaa alikuwa ananitazama bila ya kupepesa. Upande wa wanaume niliona kofia ya mume wangu imeinama.

Watu hawakungoja maghribi. Waliaga mmoja mmoja, kwa adabu nyingi mno. Njiani kurudi nyumbani mavyaa alitangulia, mimi nyuma, mume wangu nyuma yangu, mpaka tulipoingia uani. Hapo nikasema, haraka haraka, kwamba ni maji moto, wallahi, mshokishoki ule una kiota.

Mavyaa alikuwa anafungua mlango wa chumba chake. Akasema, bila ya kugeuka, "Na wano maji moto nao wana chama?"

Akaingia ndani.

Chumbani nilimwonyesha mume wangu. Paja lilikuwa limejaa vidonda vyekundu. Aliinama na taa ya chemni akavitazama kwa muda mrefu, alivyokuwa akitazama mshono. Akasema anaviona, wamenila kweli. Nikashusha pumzi. Kisha akaniuliza, "Sasa mbona ulikaa pale?"

Nilimweleza: jamvi hili, jamvi lile. Akasema mke wake hakuwa na sababu ya kutafuta katikati, pahali pake panajulikana. Hakusema kwa ukali. Mume wangu hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu mtu mpole akishatiwa shaka huibeba kila anakokwenda, hata kazini.

Kesho yake mji ulikuwa na tafsiri zake. Kwenye mfereji wa kuchotea maji nilisikia kwamba nimemtukana mavyaa. Dukani walisema hapana, mti mkavu ni mwenye bustani na jamaa zake wenye mashamba, na mche ni wananchi, na yule binti wa Mgogoni alitumwa. Wengine walisema mwenye bustani mwenyewe aliupanga wimbo ili awagombanishe wageni wake, ndiyo maana hakuna aliyeujua. Yule mzee aliposikia, alifunga mlango wa bustani. Wateja wawili walikuja kuchukua kanzu zao kwa mume wangu kabla hazijashonwa kola. Na jioni watu wawili wa tawini walimjia barazani, wakazungumza naye kwa sauti ya chini. Nilikuwa nyuma ya mlango na ufagio. Nilisikia neno "kwao" mara tatu.

Huenda yangetulia yenyewe kama si baba yangu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, aliteremka binamu yangu kwenye gari ya Mgogoni na mkungu wa ndizi mabegani, akapita katikati ya baraza ya wanaume, akautua mlangoni kwetu. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka juu ya mkarafuu, akasema, "Baba'ko kakuletea. Kasema umetutoa kimasomaso."

Niliona aibu ya kutamani kuingia ndani ya mkungu ule. Binamu yangu alikuwa anacheka, maskini, hana habari. Nilimpa maji, nikamtafutia gari ya kurudi, na nikamwambia amwambie baba kwamba nilitafunwa na maji moto. Alinikonyeza. Alidhani nampa fumbo jingine la kupeleka.

Mavyaa alizitazama zile ndizi, hakuzigusa. Tangu siku ya bustani alikuwa hali chakula nilichopika, anajichomea muhogo wake mwenyewe. Mume wangu aliporudi adhuhuri mama yake alimwita uani, akamwambia mbele yangu, polepole, kwamba Ijumaa baada ya sala anahamia Chokocho kwa kaka yake. Hamlazimishi kitu. Ila nyumba haiwezi kukaa mti mkavu na mche, na yeye mwanawe aseme ni upi anaoukata. Mume wangu alisema, "Mama." Usiku alilala amenipa mgongo, na nilijua kwa kupumua kwake kwamba halali. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alkhamisi alipokwenda kazini nilikwenda chumbani kwa mavyaa bila ya kuitwa, jambo nililokuwa sijapata kulifanya. Alikuwa amekaa sakafuni, anafunga kanga zake kwenye shuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya heshima. Sikuyasema. Nilipandisha kanga yangu mpaka juu ya paja nikasimama mbele yake. Vidonda viwili vilikuwa vimeanza kutunga usaha.

Alitazama. Akanivuta nikae, akainuka, akarudi na kichupa cha mafuta ya mkarafuu. Alinipaka kidonda kimoja kimoja, nami nikiuma kanga. Kwa miaka miwili hakuwa amenigusa isipokuwa mkono wa salamu. Nilianza kulia, na nilidhani yamekwisha.

Alipomaliza alikifunga kichupa. Akasema, "Maji moto walikuinua, hilo nalikubali. Aliyekuzuia kukaa n'nani?"

Huko nje jirani alikuwa anatwanga, na kila mchi ulipopiga nilikuwa natafuta la kujitetea. Lakini alisema kweli. Maji moto walinirusha, wakaniuma nikajipiga. Lakini vigelegele vilipoanza, na ubeti ukarudiwa, nilisikia kitu kinapanda kifuani ambacho hakikuwa uchungu. Miaka miwili ya ufagio unaonyamaza na ungo mlangoni, yote ilikuwa ndani ya maneno yale ya seremala, na mji mzima unayasikia, na mimi nimesimama. Ningeweza kukimbia nyuma ya nyumba. Nilikwenda mbele nikaliweka ua. Hapana maji moto aliyenipeleka mpaka kwenye sahani.

Nikasema, "Mimi, mama."

Nilijua nimejikatia talaka kwa ulimi wangu. Nilingoja. Mavyaa aliendelea kunitazama kwa jicho lake lile, na kwa mara ya kwanza sikuona kwamba linatafuta kitu. Akavuta pumzi, akaanza kulifungua shuka alilokuwa amelifunga, akizitoa kanga moja moja.

"Usimwambie mwanangu," alisema. "Ntu mume akijua kweli moja ya nkewe, halali, anaitafuta ya pili."

Mume wangu aliporudi alimkuta mama yake jikoni na mimi, tunakula ndizi za Mgogoni kwa nazi. Mavyaa alimwambia amenikagua mwenyewe, mwili mzima, na kwamba ni maji moto, haramu ikiwa ni kitu kingine. Akamwambia awaambie wale wa tawini waje wamuulize yeye. Hawakuja. Nani angethubutu kumuuliza mwanamke aliyetukanwa, ikiwa mwenyewe anasema hakutukanwa? Ndani ya wiki mbili kisa kiligeuka kichekesho, na wateja wakarudi na vitambaa vyao. Bustani ile haikufunguliwa tena kwa muziki, si mwaka ule wala mwaka wowote nilioujua.

Mavyaa tuliishi naye miaka kumi na mmoja zaidi. Hatukulizungumza tena. Sikujua kama alinisitiri kwa huruma, au aliona ni heri kubaki na mke ambaye siri yake ameishika yeye, kuliko kuletewa mwingine asiyemjua. Siku nyingine niliamini hili, siku nyingine lile. Ufagio wake ulikuwa bado unanyamaza nikipata mgeni.

Mume wangu alipokuwa mzee, kisa hiki ndicho alichokipenda kuliko vyote. Aliwasimulia wajukuu kila walipokuja: namna bibi yenu alivyoruka, alivyojipiga paja, alivyozunguka, na mji mzima wa wajinga ukadhani anatukana. Alikuwa anacheka mpaka anafuta macho, kisha ananishika mkono na kuwaambia kwamba watu wote walinishuku, ila yeye aliviona vidonda kwa macho yake siku ile ile. Nami nilikuwa nikicheka pamoja naye. Amekufa akiniamini.